Mahali pa Kukaa

Mama alisimama mlangoni, mkoba begani, akafumba jicho la kulia, akalifumbua, kisha akafumba la kushoto.

"Mwanangu," akasema, "ni haya macho yangu, ama hii nyumba haina kitu?"

Alikuwa amepanda treni Voi asubuhi, akashuka Syokimau mchana, na kikapu cha maembe ambacho hakukubali mtu ambebee. Macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho. Jumatatu alikuwa aonwe na daktari hapa Nairobi, la kwanza lipasuliwe wiki hiyohiyo. Kwa hivyo swali lake lilikuwa swali halali. Mimi nikacheka.

"Ni staili, Mama. Inaitwa minimalizimu."

"Ni dini?"

Nikasema hapana. Lakini nikifikiria vile nilivyokuwa naishi ule mwaka, sijui kama nilimjibu ukweli.

Keja yangu iko Roysambu, ghorofa ya nne. Ni chumba kimoja, choo na bafu ndani, na jikoni ambalo ni sinki pamoja na ubao wa futi mbili. Futi kumi kwa kumi na tatu, nilipima mwenyewe. Keateka anaiita bedsita. Lakini mimi kazi yangu ni kuandika matangazo ya nyumba, na kazini kwetu neno bedsita ni haramu. Tunasema studio. Ni chumba kilekile, choo kilekile. Kinachobadilika ni kodi. Kutwa nzima nilikuwa naandika "angavu", "ya kisasa", "iliyotulia", na jioni narudi kwa chumba ambacho nikifungua kabati mlango unagonga kitanda.

Ili kuandika hayo matangazo ilibidi niangalie picha nyingi. Nyumba za Copenhagen, nyumba za Tokyo. Kuta nyeupe, kitanda cha chini, mti mmoja kwenye chungu, kiti kimoja ambacho inaonekana hakuna mtu amewahi kukikalia. Nikizitazama saa tano usiku, kichwa kimejaa kelele za matatu na deni la simu, nilikuwa nasikia kitu kama kiu. Sikutaka hivyo vitu. Nilitaka ule unyamavu uliokuwa katikati ya vitu.

Basi nikaanza kutoa. Nilikuwa nimemtazama Marie Kondo kipindi chake kilipotoka Netflix mwaka wa 2019, wakati bado naishi na wasichana wengine watatu na sufuria zetu zote zina majina. Njia yake unaijua: kusanya vitu vya aina moja, virundike, shika kimoja kimoja, ujiulize kama kinakupa furaha. Kisichokupa, kishukuru, ukiage. Nilipopata keja yangu peke yangu, nilishukuru vitu vingi sana. Nilishukuru viatu, nikashukuru vikombe, nikashukuru vitabu vya chuo na meza ya plastiki.

Na niseme ukweli, sehemu kubwa ya hii kitu inafanya kazi. Sitaki mtu asome hapa aende akanunue kabati la ukuta. Nilipopandisha fimbo ya pazia kutoka juu kidogo ya dirisha hadi karibu na dari, ukuta ulirefuka. Nilipoweka kioo kuelekea dirisha, mwanga ulianza kukaa hadi saa kumi na mbili jioni. Nilijifunza kwamba jicho huhesabu sakafu: kitu chenye miguu, ambacho unaona vigae chini yake, kinafanya chumba kionekane kikubwa kuliko kitu kilichokaa chini kama gunia. Mashuka na mapazia ya rangi moja, nilichakura Gikomba wikendi mbili mfululizo mpaka nikayapata. Kapu la nguo chafu nikalitoa Kariokor. Kitanda nikatengenezewa na fundi wa hapa mtaani kwa mbao za paleti. Kusafisha nyumba nzima ilikuwa dakika kumi. Na kwa sababu kila nilichonunua kilihitaji mahali, niliacha kununua ovyo. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi, tarehe ishirini ilikuwa inanipata nikiwa na pesa.

Halafu kulikuwa na kiti cha Baba.

Baba alifanya kazi kwenye stesheni ya Voi, ile reli ya zamani, mpaka akastaafu. Alipofariki, baada ya miezi michache Mama alinitumia kiti chake kwa basi la usiku. Kilifika kimefungwa blanketi na kamba ya mkonge kama mgonjwa. Kiti cha mbao nzito, nyekundu, mikono mipana, na kwenye mkono wa kulia duara mbili nyeupe, moja imepanda nyingine kidogo, mahali alipokuwa akiweka kikombe cha chai. Kilichukua kona nzima ya dirisha. Usiku nikienda chooni kidole changu cha mguu kilikuwa kinakikumbuka kabla yangu.

Nilivumilia karibu mwaka. Halafu Jumamosi moja nikakishika mkono, vile inavyotakiwa, nikajiuliza lile swali. Kilichonijia hakikuwa furaha. Alinijia Baba akisikiliza taarifa ya habari ya saa moja, ameinua kidole kimoja tunyamaze. Nikangoja nione kama furaha itafuata. Haikufuata. Kulingana na sheria, kiti kilikuwa kimeanguka mtihani.

Nikakipiga picha, nikakiweka mtandaoni. Jioni hiyo akaja fundi wa simu kutoka Githurai na mwenzake. Akakigonga kwa ngumi mara mbili, akatuma shilingi 2,500 kwa M-Pesa, wakakishusha ngazi ghorofa nne wakihema. Nikapiga deki. Nikapiga picha ile kona tupu ikiwa na jua. Watu waliipenda ile picha kuliko picha nyingine yoyote niliyowahi kuweka.

Sasa Mama alikuwa amesimama katikati ya ileile kona, mkoba bado begani.

"Keti, Mama."

"Wapi?"

Nikaonyesha kitanda. Aliniangalia kana kwamba nimemwambia tusi. Mama yangu hakai kwenye kitanda cha mtoto wake mkubwa. Hajawahi, na sidhani kama ataanza. Ni heshima aliyolelewa nayo, na mimi naijua tangu niko mdogo. Niliijua hata siku ile nauza kiti. Haikunijia tu akilini kwamba nyumba yangu siku moja itakuwa na mtu mwingine isipokuwa mimi na simu yangu.

Alitembea polepole, mkono ukutani, mpaka mlango wa bafu. Nyuma ya mlango nilikuwa nimeficha mitungi minne ya maji. Akauvuta mmoja, ule wa njano wa lita 20, umejaa. Akatoa leso kwenye mkoba, akaikunja mara nne, akaitandika juu ya mtungi, akakaa. Akaweka mikono juu ya magoti kama mtu anayengoja kuitwa hospitalini. Nikampikia chai akainywa pale, kikombe mkononi, kwa sababu hata mahali pa kuweka kikombe hapakuwa.

"Na kiti cha baba yako?"

"Kiko kwa fundi," nikasema. "Mguu ulilegea."

"Kile kiti?"

"Eeh."

Akanyamaza. "Kile kiti kilibebwa na wanaume wawili," akasema, na hakuongeza kitu.

Usiku nilimwomba jirani godoro dogo. Mama akalala chini, akakataa katakata kubadilishana nami. Nililala nikiangalia dari, nikifikiria ile mitungi.

Kwenye zile picha hakuna mitungi. Ukishaliona hilo, huwezi tena kutoliona. Kwetu maji huja mara mbili kwa wiki, na wiki nyingine hayaji. Kila nilipotaka kupiga picha nyumba yangu, kwanza nilikuwa natoa mitungi minne kwa koridori, halafu mtungi wa gesi wa kilo 6, halafu ndoo, halafu beseni. Napiga picha, kisha naanza kurudisha. Ile nyumba ya Copenhagen si kwamba haina maji. Ina mfereji. Maji yake yamehifadhiwa mahali pengine, na mtu mwingine. Ule utupu wote unabebwa na vitu usivyoviona: bomba lisilokauka, stima isiyopotea, duka lililo wazi chini ya ngazi, na akaunti ya benki ambayo ukitupa leo unaweza kununua kesho.

Mama hakuwahi kuwa na hiyo kesho. Kwake Voi kuna kabati la vioo lenye sahani ambazo hatujawahi kulia. Kuna vitambaa alivyofuma mwenyewe juu ya kila kiti, juu ya redio, juu ya televisheni, na kingine juu ya kitambaa. Kuna mikebe ya Kimbo yenye misumari, vifungo, mbegu. Serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki, tarehe 28 Agosti 2017, jikoni mwa Mama kulikuwa na karatasi iliyojaa karatasi nyingine, zimekunjwa pembetatu kama sambusa. Alizificha nyuma ya unga. Alisema serikali itachoka.

Nikiwa chuo nilikuwa naona aibu kuleta rafiki kwa ile sebule. Nilidhani ni watu wasiojua kuchagua. Lakini nikilala pale sakafu ikiwa na mama yangu juu yake, nilianza kuvihesabu vile vitu kichwani, na kila kimoja kilikuwa na jibu la swali fulani. Stima ikipotea je? Mvua ikikataa? Wageni kumi wakija na msiba? Mimi nyumba yangu ilikuwa na jibu la swali moja tu: itaonekanaje?

Jumanne, Mama akiwa amelala baada ya safari ya kwa daktari, nilitafuta ile meseji ya M-Pesa, nikapiga ile namba.

"Ile kiti ya mzee?" jamaa akasema kabla sijamaliza. "Iko. Kuja uone."

Kibanda chake kiko Githurai, kimebanwa kati ya kinyozi na mama mboga. Si kikubwa kuliko bafu yangu. Nusu yake ni kaunta ya vioo yenye chaja na betri; nusu nyingine ni kiti cha Baba. Alikuwa amekiwekea mto mpya wa kijani. Mama mmoja mzee alikuwa amekikalia, akingojea simu yake ibadilishwe kioo, miguu ameinyoosha, amesinzia. Zile duara mbili bado zilikuwa pale.

Nikamwambia namrudishia pesa yake na elfu moja juu. Akatikisa kichwa. Nikafika elfu tano, pesa ambayo nilikuwa nimeiwekea kodi.

"Sistangu, hii siuzi," akasema, bila ubaya. "Wateja wangu walikuwa wanasimama hapo kwa jua. Ukimwambia dakika ishirini, anaenda kwa jirani. Sasa anakaa. Akikaa, anangoja. Hii kiti ndiyo inanilipia kibanda."

Sikuwa na la kumjibu. Yule mama alipoamka na kuchukua simu yake, jamaa akanionyesha kiti kwa kidevu. "Keti basi. Si umetoka mbali?"

Nikakaa. Sijawahi kukikalia kile kiti Baba akiwa hai, na kwa mwaka mzima kilipokuwa kwangu nilikitumia kuwekea nguo. Kilikuwa kizuri. Mgongo wake umelala kidogo tu, na mikono iko kwa urefu ambao viwiko vinashuka vyenyewe. Nilikaa labda dakika tano, nikitazama watu wakipita na mifuko ya sukuma wiki, halafu mteja akaja nikainuka nikampisha.

Mama alifanyiwa upasuaji Alhamisi. Jioni tulirudi kwa teksi, jicho moja limefunikwa, nikampandisha ngazi pole pole, ghorofa baada ya ghorofa. Akakaa kwenye mtungi wake. Nikapiga magoti mbele yake ili asilazimike kuinua kichwa.

"Mama, kile kiti nilikiuza."

"Pesa ngapi?"

"Elfu mbili mia tano."

"Umeibiwa."

Nikaanza kulia, na yeye akaniacha nilie kidogo, vile hufanya. Halafu akauliza, "Wewe unafikiri kwa nini nilikutumia?"

"Ili nimkumbuke Baba."

"Hapana." Alinyoosha leso kwenye magoti. "Kilikuwa kinanitazama. Kila siku ikifika saa moja ya jioni, kinanitazama. Nikikipa mgongo, kinanitazama mgongo. Ningekichoma, lakini majirani wangesema nini? Nikasema wacha kiende Nairobi."

Huyu ndiye mwanamke mwenye mifuniko ya vyombo vilivyopotea miaka ya tisini. Alikuwa ameshika kila kitu alichoachiwa na Baba, koti, saa, filimbi ya stesheni, na kimoja tu kikamshinda. Akakifunga blanketi, akakilipia nauli, akanipa mimi. Na mimi nikafanya vilevile. Tofauti ni kwamba yeye alijua anachokitoa.

"Mimi sina shida na kiti," Mama akasema. "Kiti ni mbao. Shida yangu ni kwamba nilifika kwa mtoto wangu nikasimama."

Aliporudi Voi nilikaa na hayo maneno siku nyingi. Nilikuwa nayo ofisini, nikiandika "angavu" na "iliyotulia". Sikutaka kurudi kwenye ile nyumba ya mlango kugonga kitanda. Niliupenda ule mwanga wangu. Swali lilikuwa kama chumba cha futi kumi kwa kumi na tatu kinaweza kuwa na nafasi ya mwanga na bado kikawa na nafasi ya mtu.

Nilikumbuka Lamu. Nilikuwa nimeenda huko likizo, mara moja, na marafiki wa kazini. Zile nyumba za kale za mawe ya matumbawe, vyumba vyake ni vyembamba na virefu kama koridori, kwa sababu dari inabebwa na boriti za mikoko, na boriti haiwezi kuvuka mbali. Kwa hivyo mafundi wa kale walikuwa na tatizo langu kabisa: chumba ambacho huwezi kukipanua. Walichofanya ni kuingia ukutani. Walipaka chokaa nyeupe, wakachonga zidaka, safu juu ya safu, vyombo vikakaa ndani ya ukuta badala ya kukaa sakafuni, na chumba kikapata kina. Nilipiga picha nyingi za zidaka. Nilizitumia hata kazini.

Kitu ambacho sikupiga picha ni baraza. Ziko nje, kwenye mlango, benchi za mawe zilizojengwa pamoja na nyumba yenyewe, na mchana kutwa tulizikalia, tukala embe la chumvi juu yake, bila kuziona. Hiyo ndiyo nyumba yenye vitu vichache kuliko zote nilizowahi kuingia, na kabla hujafika ndani umeshapewa mahali pa kukaa. Aliyejenga hakungoja mgeni aje ndipo atafute kiti. Alimhesabu mgeni kwenye ukuta.

Nikamwendea yule fundi wa kitanda. Nikamwambia nataka baraza.

"Ya mbao?"

"Ya mbao. Ya kukaa chini ya dirisha, kona mpaka kona."

Tulibishana juu ya kimo. Akaniomba mtungi mmoja wa maji, akausimamisha kwenye karakana yake, akaupima, akaongeza inchi mbili. Urefu ukawa futi sita, ili mtu alale akitaka. Upana futi mbili. Chini wazi, iko kwa miguu, vigae vinaonekana, na pazia jepesi la rangi ileile ya dirisha. Mto wa sponji nikashona mwenyewe. Mkono mmoja wa kuegemea, mpana, upande wa kulia. Shilingi 8,500 pamoja na vanishi. Mitungi yote minne iliingia chini yake, na beseni. Koridori yangu haijawahi kuona mtungi tena.

Mama alirudi baada ya miezi mitatu, jicho la pili. Safari hii alikuja wiki ile ya mwisho, baada ya bandeji kutolewa, akiwa anaona. Aliingia, akavua viatu, akaenda moja kwa moja dirishani akakaa. Sikumwambia keti. Akaweka kikombe kwenye ule mkono wa kulia, nami nikajizuia kumletea kitu cha kuweka chini yake.

Alitazama chumba kizima polepole, kutoka kona hadi kona, jicho moja, halafu lingine, halafu yote mawili.

"Kumbe hayakuwa macho yangu," akasema.

"Hayakuwa."

Akaangalia juu ya kioo, pale ambapo nilikuwa nimepaka rangi mara tatu nikidhani nimeficha.

"Na ule ufa ulikuwa hapo siku zote?"

"Siku zote, Mama."

"Mwambie mwenye nyumba," akasema, akanyanyua kikombe. Chini yake kulikuwa na duara nyeupe, bado ina unyevu.